Kazi Imefika Wapi, na Nani Anajibu?

Ukitoka Ukunda kwenda Msambweni kwa barabara ya Lunga Lunga, kabla na baada ya kupita njia panda ya Mwabungo utaona mabango ya miradi. Yana nembo juu, kisha jina la mradi, mfadhili, mkandarasi na mwaka wa fedha. Mengine rangi imeshapauka na mradi wenyewe bado. Kwa kila bango, kuna ofisi yenye jedwali la kompyuta: shughuli, gharama, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, asilimia ya kazi iliyofanyika. Mkaazi wa Mwabungo analijua bango kwa sababu analipita kila siku akienda shamba au pwani. Jedwali hajapata kuliona.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na wahasibu wa pwani hawachoki kutukumbusha. Ni kweli. Lakini historia ya Kwale, kaunti iliyomo Mwabungo, inaongeza jambo ambalo wahenga hawakulisema: mali hupotea vilevile daftari likiwapo, tena limeandikwa kwa hati nzuri, ikiwa mwenye mali hana njia ya kulifungua.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya ofisi, Wadigo walikuwa na ngambi, baraza la wazee wa kaya. Deni, mahari na mipaka ya mashamba viliamuliwa mbele ya watu, na waliohudhuria ndio waliokuwa kumbukumbu. Mtu akikana, waliokuwepo waliitwa. Kwa upande wa biashara mambo yalikuwa tofauti. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kihindi wa Mombasa na bandari ndogo kama Vanga waliwakopesha bidhaa waliofanya biashara na bara, na deni likaandikwa kwa Kigujarati. Mdai alikuwa na kitabu, mdaiwa alikuwa na kumbukumbu yake tu. Mwenye kitabu ndiye aliyejua hesabu imefika wapi.

Kisha wakaja Waingereza na fomu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi katika mwambao wa maili 10 apeleke madai yake kwa afisa wa serikali, yasikilizwe, ardhi ipimwe, cheti kitolewe. Ukiusoma utaratibu huo leo huwezi kuulaumu kwa mpangilio: kila hatua ina nafasi yake na kila hatua ina afisa wake. Waliokuwa na hati na watu wa kuwasemea walipata vyeti. Wamijikenda wengi, Wadigo wakiwemo, ambao ardhi yao ilijulikana kwa minazi, makaburi na kaya, hawakuingia kwenye kitabu, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Uskwota unaoisumbua pwani ya kusini hadi leo una mzizi wake mmoja mkubwa hapo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mfumo mzuri wa kumbukumbu huleta haki wenyewe, mimi humrudisha 1908.

Huko ng'ambo, wakati huohuo, wahandisi walikuwa wakitafuta namna ya kuiona kazi kwa jicho moja. Mwaka 1896 Karol Adamiecki wa Poland alichora chati ya kupanga kazi za kiwandani. Mmarekani Henry Gantt akaieneza chati ya aina hiyo katika miaka ya 1910, ile ambayo kila shughuli ni mstari mlalo unaoanza tarehe fulani na kukoma tarehe fulani. Mwaka 1958 jeshi la wanamaji la Marekani likabuni PERT, mbinu ya kupanga na kufuatilia hatua za kazi kubwa, kwa ajili ya kombora la Polaris. Ilipofika 1969, shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limepata jedwali la mantiki lenye visanduku 16, na tangu hapo hakuna asasi ya kijamii Afrika Mashariki iliyoomba msaada bila kutokwa jasho juu ya visanduku hivyo.

Wengi hudhani chati hizi zilifika vijijini kwetu pamoja na kompyuta. Zilitangulia kwa miaka mingi, na Kwale ilikuwemo. Baada ya mkutano wa Kericho wa 1966 kuhusu elimu, ajira na maendeleo ya vijijini, serikali ya Kenya ilianzisha Mpango Maalum wa Maendeleo Vijijini, ambao wengi waliujua kwa herufi zake, SRDP. Maeneo sita yalichaguliwa kuwa ya majaribio: Kwale, Mbere, Migori, Tetu, Vihiga na Kapenguria. Hayo ndiyo yaliyokuwa maabara ya utawala wa vijijini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Watafiti wawili waliokuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Robert Chambers na Deryke Belshaw, waliona tatizo ambalo kila mtumishi wa wilaya alilijua. Mipango ilikuwa mizuri, bajeti ilikuwepo, ila hakuna aliyejua kazi ya mwenzake imekwama wapi. Wakabuni utaratibu walioupa jina la PIM, ukajaribiwa kwanza Mbere mwaka 1971. Ulikuwa na sehemu tatu. Mwanzoni mwa mwaka maafisa wote wanaohusika, wa kilimo, maji, barabara, ushirika, walikaa pamoja siku moja na kupanga kila mradi hatua kwa hatua, kila hatua na tarehe yake na mtu wake. Kila mwezi walikutana tena kuangalia nani amefika wapi. Baada ya mkutano iliandikwa ripoti fupi iliyotumwa haraka kwa wote, wa chini na wa juu, ikisema kazi fulani imechelewa na anayetakiwa kuchukua hatua ni afisa fulani.

Penseli, rula na mashine ya kunakili vilitosha. Uzito wa utaratibu huo ulikuwa katika safu moja tu, safu ya mwenye jukumu. Afisa aliyepanga tarehe mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya wenzake, hakuweza mwezi wa nne kusema hakuambiwa. Na safu hiyo ilifichua jambo lisilowapendeza wakubwa: mara nyingi aliyekwamisha kazi hakuwa bwana shamba wa kijijini. Kibali cha kutumia fedha kilikuwa kimelala Nairobi. Chambers aliyaandika haya katika kitabu chake cha 1974 kuhusu usimamizi wa maendeleo vijijini Afrika Mashariki, na hadi leo sijaona programu ya kompyuta iliyolitatua tatizo hilo vizuri kuliko ile karatasi. SRDP yenyewe ilififia kabla ya muongo kwisha. Nchi iliyokuwa ikivuta madaraka yote makao makuu haikuwa na hamu kubwa ya ripoti inayosema makao makuu ndiyo yaliyochelewa.

Kompyuta zilipokuja zilikuja kwa mlango wa wizara. VisiCalc, lahajedwali la kwanza la kompyuta ndogo, lilitolewa Marekani mwaka 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston. Lotus 1-2-3 ikafuata 1983, Excel 1985. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, Wizara ya Kilimo ya Kenya ilikuwa tayari inajaribu kompyuta ndogo kupanga bajeti na kufuatilia matumizi ya miradi yake, miongoni mwa majaribio ya awali ya aina hiyo katika serikali za Afrika. Kabla ya hapo, kubadilisha tarakimu moja ya bajeti kulimaanisha kupiga chapa upya kurasa nzima, na makarani walijua kuchoka. Sasa ukibadilisha kisanduku kimoja, jumla inajirekebisha yenyewe. Julai 1983 serikali ikatangaza pia Mkazo wa Maendeleo Wilayani, na kamati za maendeleo za wilaya zikapewa kazi ya kupanga. Faili ziliongezeka. Mwananchi wa Mwabungo aliendelea kusikia habari za miradi kwa chifu, kwenye baraza.

Mwaka huohuo wa 1983 ndipo lilipoanza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo somo kubwa kuliko yote katika historia hii, nalo lilianzia ukanda wa Msambweni. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walikuwa wakipima pampu za mkono katika nchi nyingi, wakitafuta ile ambayo wanakijiji wataweza kuitengeneza wenyewe. Pwani ya kusini ya Kenya ikawa mojawapo ya viwanja vya majaribio. Kazi ilianza kama ya mafundi: kuchimba, kufunga pampu, kupima. Baadaye likaingia shirika la Kenya la KWAHO, likasema maji ni ya wanawake wanaoyateka, basi wao ndio washike kamati. Katika jamii ya Wadigo, ambayo zamani ilirithisha mali kwa upande wa mama, wazo hilo halikuwa geni sana kama wageni walivyodhani.

Hapa ndipo ilipokomazwa pampu ya Afridev, ambayo sasa imeenea katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Mchoro wake ni mali ya umma, hakuna mwenye hataza. Inafika kina cha mita 45 hivi. Vyuma vyake vya ndani vinaungana kwa kulabu bila kuhitaji fundi wa bomba, vikombe vya kuzungukia ni vya plastiki, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa spana moja. Mama aliyefundishwa, akiwa na wenzake wachache, anaweza kuvuta vyuma juu, kutoa mpira uliolika, kutia mpya na kurudisha maji siku hiyohiyo.

Lakini mpira mpya unanunuliwa, kwa hiyo kamati zilitakiwa kuwa na mweka hazina, akaunti na daftari. Tulitazame daftari la namna hiyo kwa karibu, maana ndilo lahajedwali la kweli la Kwale. Ni daftari la shule, lile la mistari. Mistari ya kusimama imepigwa kwa rula, mingine imekwenda upande kidogo. Kushoto kuna majina ya walipaji, juu miezi, ndani shilingi. Aliyelipa nusu ameandikiwa nusu. Aliyefiwa au aliyeugua ameachiwa mwezi, na mweka hazina anajua kwa nini hata kama hakuandika. Upande wa nyuma ni matumizi: mpira, nauli, chakula cha fundi. Kila mlipaji anaweza kusema, "Hebu nionyeshe langu," na mweka hazina hana budi kumwonyesha, kwa sababu kesho watakutana kwenye foleni ya ndoo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Tim Foster na Rob Hope, waliyakusanya madaftari ya aina hii kutoka kamati za maji za Kwale, mengine ya tangu miaka ya 1980, wakayaingiza kwenye kompyuta na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona. Malipo hupanda na kushuka na msimu: mvua ikinyesha, watu wana maji ya bure, mkono unakuwa mzito. Maji ya chumvichumvi hulipiwa kwa shingo upande. Umbali wa nyumba na pampu nao una neno. Nadhani hakuna mweka hazina hata mmoja aliyeshangazwa na matokeo hayo. Kilichonishangaza mimi ni kwamba madaftari yalikuwepo. Miongo miwili na zaidi ya hesabu za kila mwezi, zimetunzwa na akina mama bila umeme wala mkaguzi, katika nchi ambayo wizara zake hupoteza faili za mwaka jana.

Watafiti haohao wa Oxford walibuni pia kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mpini wa pampu na kutuma ujumbe wa simu kuonyesha inavyotumika. Mpini ukinyamaza, fundi anajua. Kyuso, katika Kaunti ya Kitui, walikoanzia, muda wa kungoja matengenezo ulishuka kutoka siku 27 hivi hadi chini ya siku 3, na huduma hiyo baadaye ikaletwa Kwale kupitia mafundi wa FundiFix. Ni teknolojia iliyojiunga na mkataba uliokuwepo: watumiaji wanalipa, fundi ana muda aliowekewa, na yeyote mwenye ndoo anaweza kuona kama ametimiza.

Katika miradi ya serikali mambo yalikwenda kasi tofauti. Harambee, aliyoitangaza Jomo Kenyatta 1963, ilijenga shule na zahanati nyingi, na risiti zake zikawa hadithi ya peke yake. Ilipofika miaka ya 1990 harambee nyingi zilikuwa jukwaa la siasa. Mwaka 2003 ikaja sheria ya Mfuko wa Maendeleo wa Maeneo Bunge, CDF, uliotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Kwa mara ya kwanza kila eneo bunge lilikuwa na orodha yake ya miradi na kiasi cha fedha. Orodha ilikuwa ya nani? Hilo ndilo lililoulizwa Mombasa mwaka 2007, ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni.

Shirika la haki za binadamu la MUHURI liliwafundisha wakaazi wa Changamwe kukagua miradi ya CDF wenyewe, likisaidiwa na wanaharakati wa India waliokuwa wamezoea kazi hiyo Rajasthan. Jambo gumu lilikuwa kuzipata faili. Walipozipata, wakaenda na karatasi mkononi hadi mahali penyewe: panaposemwa pana choo cha shule, kipo? Saruji iliyoandikwa ndiyo iliyotumika? Kisha wakaitisha mkutano wa hadhara na kusoma matokeo mbele ya wahusika. Ukiondoa kipaza sauti, hilo lilikuwa baraza la ngambi, safari hii likiwa na faili ya serikali mkononi.

Serikali kuu ilikuwa imechagua njia nyingine. Mfumo wa fedha wa IFMIS ulioanza kutumika 2003 uliahidi kwamba malipo yatapita hatua zinazoonekana, kila hatua na afisa wake na nywila yake. Mwaka 2015 taifa likasikia kuhusu shilingi milioni 791 za Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, na madai kwamba nywila za maafisa zilitumiwa kuidhinisha malipo wasiyoyajua. Safu ya mwenye jukumu ilikuwepo, imejazwa, ila aliyejaza hakuwa mwenye jina. Kasoro ya mfumo unaoonekana na wachache ni kwamba ukidanganya wachache hao, umemaliza.

Ugatuzi ulipoanza 2013, Kwale ilipata mpango wake wa miaka mitano, bajeti za wadi na mabango yale ya barabarani. Serikali imeunda mfumo wa ufuatiliaji wa miradi ya kaunti, e-CIMES, na kila idara ina majedwali yake. Ugonjwa mmoja utaukuta katika majedwali ya aina hii popote nchini: neno "inaendelea". Mradi unaweza kuendelea miaka mitatu. Au utaambiwa kazi imefika asilimia 80, ukauliza asilimia 80 ya nini, uone watu wanavyoangaliana. Fundi mwashi wa Mwabungo hazungumzi hivyo. Atakwambia msingi umemwagwa, kuta zimefika lenta, paa limepigwa mbao bado mabati. Kila neno lake unaweza kwenda kulithibitisha kwa macho. Jedwali lolote la mradi wa darasa au zahanati lingeandikwa kwa lugha hiyo, kukawa na picha ya simu yenye tarehe kwa kila hatua, na jina la mtu badala ya jina la idara, lingekuwa bora kuliko programu ya mamilioni.

Ili kuona kwamba inawezekana, twende Gazi, kusini kidogo ya Mwabungo. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha Mikoko Pamoja, mradi wa kwanza duniani wa kijamii kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Eneo lake ni hekta 117, na kiasi kinachouzwa ni takriban tani 3,000 kwa mwaka. Ili kuuza, ni lazima kila mwaka ripoti ipelekwe kwa Plan Vivo, wenye kiwango cha uthibitisho: miti imehesabiwa vipi, iliyopandwa imeshika mingapi, fedha zimeingia ngapi, zimekwenda wapi. Ripoti hizo ziko wazi kwa yeyote. Matumizi ya fedha huamuliwa kwa kuwauliza wanakijiji, na zimeingia katika maji na shule. Mwaka 2017 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wanasayansi wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, waliokaa Gazi miaka mingi wamesaidia sana, sitaki kuwanyang'anya haki yao. Hata hivyo mnunuzi wa ng'ambo na mvuvi wa Gazi wanasoma ripoti ileile, na hilo ni adimu.

Zana za leo zimefuta visingizio vingi. Jedwali la pamoja la mtandaoni linafunguka kwenye simu, linaonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi, na halimgharimu mtu chochote zaidi ya bando. Kamati ya shule, kikundi cha wavuvi au chama cha akina mama wanaweza kulitumia kesho. Ofisi za kaunti zinalo pia. Kilichobaki ni kiungo, ule mstari wa anwani unaomruhusu mtu wa nje kusoma bila kuhariri. Kutuma kiungo ni kazi ya sekunde chache. Uamuzi wa kukituma ndio uliocheleweshwa tangu siku za SRDP.

Msomaji wa Mwabungo, au wa popote penye bango lililopauka, asingoje kutumiwa. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizoko mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inampa afisa siku 21 za kuamua. Andika barua kwa ofisi inayohusika, taja mradi kwa jina lililo kwenye bango, uombe hatua zilizopangwa, tarehe zake, malipo yaliyofanyika na jina la afisa anayesimamia. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sheria inakubali zote mbili.